Fergal O'Brien, jamaa wa fremu ya masaa mawili: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Kila ile klipu ya snuka ya 2017, fremu (yani raundi moja) iliyochukua masaa mawili, ikianza kuzunguka tena maswali ni yaleyale, huyu nani, mbona anacheza hivi, alishawahi kushinda kitu kweli au ni wa kujaza nafasi tu. Nimeamua nijibu yote kwa pamoja. Natahadharisha mapema kwamba mimi ni shabiki wake, kwahiyo kama unatafuta mtu wa kumponda utakuwa umepotea njia.

Fergal O'Brien ni nani kwanza?

Ni mchezaji wa snuka wa kulipwa kutoka Dublin, Ayalandi, kazaliwa tarehe 8 Machi 1972, akaanza kucheza kwa kulipwa 1991 na akatundika fimbo 2024. Piga hesabu mwenyewe, miaka 33. Na kwenye hiyo miaka yote 33 ana taji moja tu la mashindano ya viwango, yani yale yanayokupandisha au kukushusha kwenye orodha ya dunia, nalo ni British Open ya 1999. Moja. Wengine hapo ndo wanacheka na kuondoka, mimi hapo ndo naanza kumheshimu, maana kukaa kwenye huu mchezo miaka 33 bila kuwa staa ni kazi ngumu kuliko watu wanavyodhani na huko chini nitaeleza kwa nini.

Mbona mimi nafuatilia snuka na simjui?

Kwa sababu kila alipokaribia kujulikana kulikuwa na mtu mwingine kasimama mbele ya kamera. Ukitaja snuka ya Ayalandi watu wanamtaja Ken Doherty, naye pia wa Dublin, aliyempiga Stephen Hendry 18-12 kwenye fainali ya dunia 1997, na mpaka leo ndo bingwa pekee wa dunia aliyetoka Jamhuri ya Ayalandi (Alex Higgins na Dennis Taylor ni wa Ayalandi ya Kaskazini, msichanganye, watu wa huko hawapendi mkichanganya). Kwahiyo hata nyumbani kwao Fergal alikuwa namba mbili. Halafu mechi kubwa kuliko zote alizocheza inakumbukwa kwa jina la aliyemfunga, na rekodi yake maarufu watu wanaisimulia kama kichekesho. Ndo mpira ulivyomdundia.

Snuka si ndo pool tu?

Hapana bana. Meza ya snuka ni kubwa mno, futi 12 kwa 6 hivi, na mashimo yake ni ya kubana, ule mpira ambao kwenye pool unaingia hata ukiwa umeugonga vibaya kule unagonga ukingo na kukurudia. Mipira iko 22, mmoja mweupe, 15 myekundu na sita ya rangi. Unaingiza myekundu unapata pointi 1, ndo unaruhusiwa kupiga wa rangi, njano 2, kijani 3, kahawia 4, bluu 5, pinki 6, mweusi 7, wa rangi unarudishwa mezani na myekundu harudi. Ukifanya hivyo ukafikisha pointi 100 au zaidi bila kukosa inaitwa senchuri, na ukipiga mweusi baada ya kila myekundu kisha ukamaliza meza yote unapata 147. Raundi moja ya hivyo inaitwa fremu. Hayo yanatosha kuelewa kila kitu hapa chini.

Alianzaje?

Aliingia mwaka ambao mlango ulifunguliwa. Kabla ya hapo kuwa mchezaji wa kulipwa ilikuwa lazima ufuzu, nafasi zilikuwa za kuhesabu, halafu 1991 wakubwa wa mchezo wakaamua mtu yeyote mwenye hela ya kujiandikisha aingie. Likamiminika jeshi, mamia kwa mamia ya vijana, wengi walikuwa mabingwa wa klabu zao tu waliofika wakakuta kila mtu pale ni bingwa wa klabu yake. Mwaka uliofuata ndo wakaja Ronnie O'Sullivan, John Higgins na Mark Williams, wote watatu kwa mpigo, na wote wakaja kuwa mabingwa wa dunia.

Kipindi hicho mechi za mchujo zilikuwa zinachezwa Blackpool kwenye hoteli ya Norbreck Castle, meza zimepangwa vibandani, watu wanapukutika kutwa nzima, wiki baada ya wiki. Mwaka 1992 Ronnie alishinda mechi 74 kati ya 76 za kwanza. Sasa fikiria wewe ndo unajaribu kuanza maisha na jirani yako kwenye orodha ya mchujo ni mtu wa namna hiyo. Wengi wa lile jeshi la 1991 walirudi nyumbani ndani ya miaka miwili mitatu wakatafuta kazi nyingine. Fergal akabaki.

Ni kweli alipiga senchuri fremu yake ya kwanza kabisa Crucible?

Kweli, 1994. Crucible ni ukumbi wa tamthilia pale Sheffield, Uingereza, ubingwa wa dunia unachezwa humo tangu 1977. Sio mkubwa, viti havifiki hata elfu moja, na hapo ndo tatizo lake, mashabiki wako karibu mno, unasikia mtu akikohoa kama anakohoa sikioni mwako. Wachezaji wakubwa kabisa wameshakiri kwamba mara yao ya kwanza pale mikono ilitetemeka mpaka mpira mweupe ukaonekana mdogo. Sasa huyu kijana wa miaka 22 kaingia mara ya kwanza, kakaa, fremu ya kwanza kabisa ya maisha yake pale, kapiga senchuri. Mechi yenyewe akapoteza, lakini hata hivyo!

Hili nalisema kwa wale wanaodai jamaa alikuwa hawezi kufunga, eti anajua kuzuia tu. Mtu asiyejua kufunga hapigi senchuri kwenye ule ukumbi akiwa mgeni.

Tuambie kuhusu hilo taji la 1999

British Open, Aprili 1999, fainali ya kuwahi fremu 9, akamfunga Anthony Hamilton wa Nottingham 9-7. Wawili hao walikuwa kama picha na kioo, wote walianza kulipwa 1991, wote walikuwa hawajawahi kuchukua taji la viwango, kwahiyo usiku ule mmoja lazima aondoke na kitu alichokitafuta miaka minane na mwingine aende hotelini na sahani ya mshindi wa pili. Na 9-7 sio kufungwa vibaya, yeyote angeweza kuchukua.

Mashindano ya aina hii ukishinda mara ya kwanza watu wanasema mlango umefunguka, sasa yatafuata mengine. Kwake hayakufuata. Ila kilichofuata ni msimu wake bora, maana 2000 alifika robo fainali ya ubingwa wa dunia akapigwa na Mark Williams 13-5, na Williams huyohuyo ndo akaenda kubeba kombe mwaka ule. Akawa ameshaingia 16 bora wa dunia. Kuwa kwenye 16 bora enzi hizo ndo ilikuwa uhai wenyewe kwenye snuka, ulikuwa huchezi mchujo, unasubiri wenzako wachinjane huko kisha unaingia moja kwa moja kwenye ukumbi wenye taa, na unaalikwa Masters.

Masters 2001 ilikuwaje? Alikuwa mbele 6-2 akafungwa?

Ndio. Na hii inaniuma mpaka leo.

Masters sio ya viwango, ni ya mwaliko, wanakusanya wakali wa dunia, na enzi hizo walikuwa wanacheza Wembley, London. Mwaka 2001 Fergal akafika fainali akakutana na Paul Hunter wa Leeds, miaka 22, nywele za dhahabu, kila mtu anampenda. Fainali ni kuwahi fremu 10. Kipindi cha mchana kikaisha Fergal anaongoza 6-2. Yani anatakiwa fremu nne tu na mwenzake anatakiwa nane.

Wakaenda mapumziko. Kilichotokea mapumziko Hunter alikisema mwenyewe mbele ya waandishi, kwamba alirudi hotelini na mpenzi wake wakatumia kile alichokiita mpango B, na sitaeleza zaidi ya hapo, mmeelewa. Magazeti ya Uingereza yalikula hiyo stori wiki nzima. Aliporudi jioni alikuwa mtu mwingine, akapiga senchuri nne ndani ya fremu sita.

Nataka tusimame hapo kwenye senchuri nne ndani ya fremu sita, maana watu wanasoma tu wanapita. Kwenye snuka mwenzako akiwa anafunga wewe huna unachofanya. Hauzuii kama mpira wa miguu, haurudishi kama tenisi. Unakaa kwenye kiti pembeni, una glasi ya maji na taulo, fimbo umeishika katikati ya magoti, na unaangalia. Ukinyanyuka ni kwenda kukubali fremu imeisha. Senchuri moja inaweza kukuweka kitini dakika kumi bila kugusa chochote, na mkono unapoa. Sasa nne! Kuanzia ile 6-2 zilichezwa fremu 11 na Hunter akachukua nane. Watu wanasema Fergal aliporomoka, mimi nawauliza, aliporomokaje mtu aliyekuwa amekaa? Na bado, pamoja na yote hayo, alipata fremu tatu akiwa kwenye moto ule, akaipeleka fainali mpaka fremu ya mwisho kabisa, 9-9. Mtu aliyekata tamaa anafungwa 10-6 anaenda kulala.

Akafungwa 10-9.

Hunter akaja kuchukua Masters tena 2002 na 2004, na zote tatu alishinda 10-9, akiwa amepindua meza kila mara. Oktoba 2006 akafariki kwa saratani, alikuwa na miaka 27, zikiwa zimebaki siku tano afikishe 28. Siku hizi kombe la Masters lina jina lake. Kwahiyo ule usiku wa 2001 umekuwa sehemu ya hadithi ambayo huwezi hata kuinung'unikia, na Fergal ni yule mtu aliyemo kwenye hadithi ya mwingine.

Baada ya hapo akapotea?

Hakupotea, alishuka. Kuna tofauti. Alitoka 16 bora, akarudi kwenye maisha ya mchujo, na 2007 akiwa na miaka 35 akaibuka tena kwenye fainali ya viwango, Northern Ireland Trophy pale Belfast, akafungwa na Stephen Maguire wa Uskoti 9-5. Tangu taji lake ilikuwa imepita miaka minane. Baada ya hapo akaendelea tu na maisha, msimu unaanza, msimu unaisha, jina lipo.

Haya sasa, ile fremu ndefu. Kweli ilichukua masaa mawili?

Dakika 123 na sekunde 41. Tarehe 12 Aprili 2017, ukumbi wa Ponds Forge, Sheffield, na hadi leo naandika hivi naihesabu kuwa baba wa fremu zote ndefu. Rekodi ya kabla yake ilikuwa dakika 100 na sekunde 24, ya Alan McManus na Barry Pinches, 2015. Yani hakuivunja kwa kuikwaruza, aliipita kwa zaidi ya dakika 23.

Lakini ukiangalia klipu bila kujua mazingira utaona wazee wawili wanasukuma mipira. Mazingira ni haya. Ubingwa wa dunia una nafasi 32, 16 ni za wale wakubwa, 16 zilizobaki mwaka ule zilikuwa zinagombewa na watu 128, unashinda mechi tatu mfululizo, kila moja ni ya kuwahi fremu 10. Fergal kashinda mbili. Ya tatu ni dhidi ya David Gilbert, Mwingereza, mchezaji mzuri tu, huyohuyo aliyekuja kufika nusu fainali ya dunia 2019 akafungwa na John Higgins 17-16. Wamecheza fremu 18, ni 9-9. Aliyeshinda hii moja anaenda Crucible, jina lake linasomwa, hela nzuri, pointi nzuri, na televisheni inamuonyesha. Aliyeshindwa anapakia begi, na Crucible anaiona kwa mbali tu maana ziko mji mmoja.

Fergal ana miaka 45.

Kwahiyo kila mmoja anaogopa kukosea. Ukijaribu kufunga mpira mgumu ukakosa umempa mwenzako meza, na meza ndo mwaka mzima. Mpira mweupe unapigwa taratibu unaenda kugusa myekundu kidogo, unarudi mpaka ukuta wa nyuma, unatulia. Mwenzako anafanya hivyohivyo. Unamficha nyuma ya mpira wa rangi, anajinasua, anakuficha na wewe. Mnazunguka meza, mnainama, mnapima kwa jicho, mnarudi kupaka chaki. Ikaisha 73-46 kwa Fergal. Jumlisha hapo, ni pointi 119 kwa dakika 123, hata pointi moja kwa dakika haijafika na ndani yake humo zimo zinazotokana na makosa.

Nilikaa nikafanya hesabu ya kijinga nyingine. Ronnie 1997 alipiga 147 pale Crucible kwa dakika 5 na sekunde 8. Kwenye muda wa fremu ya Fergal na Gilbert, Ronnie angepiga 147 mara 24, na sekunde 29 zingebaki za kunywa maji.

Baada ya kushinda hiyo fremu ilikuwaje?

Akaenda Crucible, raundi ya kwanza kapangiwa Mark Selby, bingwa mtetezi na namba moja wa dunia, akala 10-2. Selby akaenda kuchukua kombe lenyewe, fainali alikuwa nyuma ya Higgins 10-4 akapindua meza 18-15. Kwahiyo masaa mawili yote yale yalinunua tiketi ya kwenda kupigwa na mtu aliyekuwa hapigiki mwaka ule. Najua inachekesha. Ila muulize mchezaji yeyote wa mchujo kama angekataa hiyo tiketi.

Refa alikuwa wapi? Kwa nini asiwakatishe?

Snuka ya kawaida haina saa ya kuhesabu. Kuna mashindano moja, Shoot Out, fremu ni dakika 10 na una sekunde 15 kwa kila pigo, zikifika dakika tano za mwisho unapewa sekunde 10, mashabiki wanapiga kelele, raha tupu, ila ni yale peke yake kwenye ya viwango. Kwingine refa anaweza kukuonya akiona unapoteza muda makusudi, na mipira ikikwama kabisa kila mtu anarudia pigo lilelile bila mabadiliko anaweza kuwaonya, wakiendelea hivyohivyo baada ya mapigo machache mipira inapangwa upya mnaanza fremu mwanzo. Lakini kama mipira inasogea hata kidogo, na kila mtu anacheza kwa nia ya kushinda, refa anasimama tu na glavu zake nyeupe anasubiri kama wengine.

Na jiulize, ungekuwa wewe, 9-9, umeshatumia saa nzima kwenye fremu, ungekubali ipangwe upya? Labda mmoja wenu alikuwa anaongoza.

Kwahiyo alikuwa mchezaji wa taratibu?

Alikuwa wa taratibu, ndio, nisiwadanganye. Alikuwa anafikiria. Anazunguka meza, anaangalia pigo kutoka upande huu, anaangalia kutoka upande ule, mtazamaji ameshaamua zamani yeye bado. Kuna mashabiki walikuwa wanabadili chaneli na siwalaumu, sio kila usiku una hamu ya hiyo kitu.

Lakini mtu ambaye hana mkono wa Ronnie anaishije kwenye mchezo wa kina Ronnie? Hawezi kushindana nao kwa kasi, ataliwa. Anachoweza ni kufanya kila fremu iwe ngumu, chafu, ya kuchosha, mpira mweupe umeganda ukutani, hakuna kitu cha kufunga, mpaka yule fundi achoke akajaribu kitu cha ajabu akakosa. Hiyo nayo ni ufundi. Kupiga mpira mweupe futi kumi na kitu ukaenda ukagusa kidogo ukarudi ukasimama nyuma ya mpira wa njano, pasipo na upenyo hata wa unywele, jaribu mara moja halafu uje tuongee. Mpira mrefu wa kufunga unapigiwa makofi na huu unapigiwa makofi na wale wachache waliowahi kushika fimbo.

Mchezaji wa hivi anaishi kwa nini? Kuna hela?

Juu kuna hela, chini kuna nauli. Bingwa wa dunia anachukua pauni 500,000 tangu 2019. Lakini snuka haina mshahara. Unalipwa kulingana na ulipofika, ukifungwa raundi ya kwanza kwenye mashindano mengi unaweza kuondoka mikono mitupu, na tiketi ya ndege, hoteli, chakula, vyote ni mfukoni mwako. Unaweza kuruka mpaka Ujerumani au China ukacheza masaa mawili ukafungwa ukarudi na deni, wiki ijayo tena. Ndo maana ukiwasikia wa chini wanalalamika usiseme wana wivu.

Kuanzia msimu wa 2022/23 wakaweka utaratibu kwamba kila mchezaji wa kulipwa alikuwa na uhakika wa pauni 20,000 kwa msimu, walikuwa wanakupa kama mkopo wa kile utakachoshinda, ukishinda zaidi ya hapo wanakata, ukishinda pungufu inabaki yako. Imesaidia, ila imekuja Fergal ameshafika miaka 50. Miaka mingine yote alikuwa anaishi kwa kile alichokifunga.

Na huwa wanafukuzwa?

Wanafukuzwa kila mwaka, na ndo sababu nasema miaka 33 sio mchezo. Nafasi za kulipwa ni 128 hivi. Mwisho wa msimu wanaangalia hela ulizoshinda miaka miwili iliyopita, ukiwa ndani ya 64 bora unabaki, ukiwa nje na kadi yako ya miaka miwili (yani ruhusa ya kucheza kwa kulipwa) imeisha, kwaheri. Njia ya kurudi ni kama ile inayoitwa Q School, ipo tangu 2011, hapo unalipa kiingilio mwenyewe unacheza na vijana wa miaka 17 wenye njaa, mechi fupifupi, ukikosea fremu mbili umekwisha. Kila mwaka utaona humo majina yaliyowahi kuwa makubwa. Inasikitisha kidogo kuangalia, mtu aliyecheza Wembley leo yuko kwenye kibanda hakuna hata mtu mmoja anayemtazama zaidi ya refa.

Na kila Aprili kwa mchezaji wa viwango vya katikati ndo hivyo, hesabu. Fulani akishinda leo mimi namba ngapi, nikifungwa kesho nabaki au natoka. Hivi ulifikiri ile fremu ya masaa mawili walikuwa wanaogopa nini?

Alistaafu lini?

2024, akiwa na miaka 52. Kipimo ninachokipenda ni hiki. Mwaka alioanza, 1991, bingwa wa dunia alikuwa John Parrott, aliyempiga Jimmy White. Mwaka alioacha, 2024, bingwa akawa Kyren Wilson, na Kyren kazaliwa Desemba 1991. Yani Fergal alikuwa tayari ni mchezaji wa kulipwa, mtoto akazaliwa, akakua, akashika fimbo, akawa bingwa wa dunia, na Fergal ndo kwanza anaweka yake kwenye begi.

Hapo katikati alipita Hendry, wakapita wale watatu wa 1992 (wenyewe hata hawajapita, wapo), akaja Ding Junhui na nyuma yake wimbi zima la Wachina, wakubwa wa mchezo wakabadilisha vitambaa vya meza, ratiba, na namna ya kuhesabu viwango. Yeye yupo, anapaka chaki.

Nani mwingine wa aina yake nimfuatilie?

Anza na yule aliyefungwa na Fergal 1999, Anthony Hamilton. Baada ya ile 9-7 akafika fainali nyingine China 2002, akafungwa na Mark Williams 9-8. Kisha kimya. Viwango vikashuka, miaka ikaenda, wote tukamuweka kwenye kundi la ambao hawakuwahi. Halafu Februari 2017, Berlin, German Masters, miaka 45, akamfunga Ali Carter 9-6 akabeba taji lake la kwanza la viwango, miaka 26 tangu aanze kulipwa, karibu miaka 18 tangu Fergal amnyang'anye la kwanza. Na miezi miwili baadaye tu ndo Fergal akawa Ponds Forge na ile fremu yake. Mwaka 2017 ulikuwa mwaka wa wazee.

Ile fremu niiangalie yote au vipande?

Yote? Hapana, labda uwe umeachika. Angalia dakika kumi za mwanzo uone mipira ilivyokaa, ruka mbele saa nzima uone kama kuna kilichobadilika, kisha rudi kwenye dakika kumi za mwisho ukiwa unakumbuka kwamba ni 9-9 na mmoja wao ana miaka 45. Ukijikuta umeanza kuiangalia yote basi tafuta chaja mapema, simu haitakuvumilia.